Waya ya Njano

Bunia, mtaa wa Saio

Dada mkubwa, yaya wangu Masika,

Barua hii ikikufikia inanuka mazutu ya lori, msamehe Kakule. Ameiweka chini ya kiti cha lori lake pamoja na CD, mahali ambapo anaapa hapajawahi kufikiwa na mkono wa mtu, na mimi sikuwa na mjumbe mwingine wa kuchagua.

Nakusalimu wewe, na wote walio chini ya paa letu kule mlimani. Goti lako linaendeleaje? Kakule ameniambia kwamba siku hizi unashuka sokoni na fimbo, halafu akaongeza kwamba fimbo yenyewe unaitumia zaidi kufukuzia mbuzi wa jirani kuliko kutembelea, nikajua kwamba bado u mzima. Mama je, kile kikohozi cha majira ya mvua kimemwachia? Maharage yametoka, au mvua imeyaozesha tena? Unijibu haya kwa mkono wako mwenyewe. Usimpe Kakule habari aje nazo kichwani, maana yeye ni dereva mzuri, lakini habari akizibeba zinafika zimepungua.

Sisi hapa tupo. Sikusema tu wazima, nimesema tupo. Mke wangu anauza mandazi mlangoni, watoto wanakwenda shule siku walimu wakiwapo, na mimi bado naamka kila asubuhi na kwenda studio. Kazi imekonda. Zamani harusi moja ilitulisha wiki nzima, tupige picha, tukate, tupange muziki, tuchome CD, tubandike picha ya bibi harusi kwenye jalada. Sasa kila mtu ana simu yake na anajipiga mwenyewe akiwa ameishika kombo. Wanaotukumbuka ni wale wenye wazazi vijijini, wazazi wenye televisheni ya mgongo na mashine ya CD ya zamani. Yaani watu kama sisi.

Baba yuko hai. Naliandika hili mapema ili usisome mistari mingine moyo ukikudunda. Yuko hai, lakini kiharusi kimemrudia, jambo nililokuwa nimekuficha hadi leo, na safari hii hakikuja kusalimia tu kama kile cha kwanza. Upande wa kushoto wote umelala. Mdomo umekwenda pembeni na hautoi neno, hata moja. Tunamnywesha uji kwa kijiko, nusu unaingia, nusu unarudi shingoni, mke wangu anapangusa. Daktari ni kijana mpole. Alinivuta hadi kwenye veranda ya hospitali akaniambia: “Papa, muzee mumupeleke kwake. Siye hapa hatuna tena kitu ya kumuongezea.” Nikamuuliza tumpeleke kwa njia gani. Barabara ya kwenda kwetu unaijua ilivyo. Malori yanasubiri msafara wa askari, na msafara wenyewe haumbebi mtu anayelala. Ndege ndogo inataka abiria anayeweza kukaa. Aliyesema penye nia pana njia hakuwahi kuishi Bunia. Jirani wa Baba hospitalini ni mzee aliyekimbia kutoka upande wa Iga Barrière, na kila asubuhi anawauliza wauguzi kama kwao pametulia. Wanamjibu “bado kidogo, muzee.” Baba alikuwa akicheka jibu hilo, alipolazwa mara ya kwanza, wakati ule alipokuwa anaweza kucheka.

Sasa nikuambie habari ya CD, maana ndiyo iliyonifanya nichukue kalamu.

Unakumbuka Baba alikuja huku kutibiwa tension, ile damu ya kupanda, na barabara ikafungwa nyuma yake. Alingoja. Halafu siku moja, akiwa bado anasema vizuri, ameketi kwenye mkeka pale uani kwangu Saio, akaniambia: “Lete ile mashini yako ya harusi. Niongee na batu ya kwetu, juu miye naona sitarudia.” Nikamwambia aache maneno hayo. Akanijibu kwamba anaomba mashini, haombi mawaidha. Ndiye yule yule.

Simu isingefaa, wewe unajua kuliko mtu yeyote. Simu yako ni ya kitochi, haina picha, na Mama tangu nikiwa mgongoni mwake, tangu ile homa iliyomziba masikio, anasikia kwa macho. Asomaye midomo hapigiwi simu. Ndiyo sababu CD, na ndiyo sababu nilitaka sura ya Baba ionekane vizuri kuliko bibi harusi yeyote niliyewahi kumpiga. Nilimketisha kwenye kiti chenye mgongo, dirisha likiwa mbele yake. Nilimfunga vifungo vya koti. Nilisimamisha kamera kwenye miguu yake mitatu, usawa wa macho, nikabonyeza.

Akaanza. Akawasalimu wazee wa kanisa. Akakutaja wewe, ukumbuke mpaka wa shamba unapita kwenye mti uliokatwa, si kwenye ule uliosimama. Akawataja wajukuu. Kisha akamsalimu Mama kwa sauti, “Mama watoto, nakusalimia, ukae muzuri,” basi, kama anavyosalimiwa mama wa watu. Mwisho akaomba Mungu atulinde. Kisha akanigeukia: “Weye, toka kidogo.” Nikadhani anataka maji. Akasema hapana, toka tu, uende usimamishe kelele ile. Nje kulikuwa na fundi anayechomelea milango. Nikatoka, nikamwomba fundi apumzike. Niliposimama mlangoni sikusikia kitu, nikafikiri Baba anapumzika. Baadaye akaniita: “Zima.” Macho yake yalikuwa mekundu. Mwanamume hamuulizi baba yake mambo ya machozi.

Kadi ya kamera nikampa Furaha, yule dada tunayefanya naye kazi. Yeye ndiye anayekata na kupanga. Mimi ndiye ninayepika cha mwisho, ndiyo kuigeuza picha iingie kwenye CD, na kuchoma. Nikamrudisha Baba hospitali, maana usiku ule ule tension ilimpanda, na asubuhi ndiyo kiharusi kikamrudia.

Hapo uniruhusu nikueleze kazi yangu kidogo, uvumilie. Kabla ya kuchoma CD kuna ukurasa mmoja kwenye kompyuta ambao mteja hauoni kamwe. Pale ndipo tunapochagua: picha iwe pana au ya mraba, na kila nukta ya muda ipewe picha nzito kiasi gani. Sisi uzito huo tunauita debi. CD ukubwa wake ni ule ule, hautanuki. Ni kama uji: wageni wakiongezeka, unaongeza maji. Saa moja inakaa ikiwa nzito. Saa mbili zinakaa pia, lakini zikiwa maji maji, na mahali pa kwanza pa kuharibika ni usoni, kwenye vitu vidogo vinavyotikisika. Macho. Midomo.

Na desturi yetu unaijua. CD inayokwenda nyumbani haiwezi kumwonyesha mtu mmoja peke yake. Habari ilipoenea kwamba mzee anatuma salamu, watu wetu wote wa Bunia walikuja: akina mama wa kanisa na nyimbo zao, wakwe wa mdogo wetu, wenye duka la mbao, yule mzee wa mtaa wa Bigo anayesema alisoma na Baba ingawa Baba hamkumbuki. Kila mmoja alitaka aonekane kwamba alifika. Kumkata mmoja ni kumwambia ukoo wake kwamba hakuja. Kwa hiyo tukawaweka wote, nikachagua saa mbili, debi ya chini. Nikachagua na picha pana, kwa sababu ndivyo tunavyofanya harusi za siku hizi, nikasahau kwamba televisheni yenu ni ya mraba.

Ukaniandikia kwamba Mama alilia tangu asubuhi hadi jioni, akisema Baba amekonda amekuwa kama mpini wa jembe, na shingo imerefuka. Yaya, hakuwa amekonda hivyo. Ni ule upana uliobanwa. Alikuwa amekonda, ndiyo, lakini kwa kiasi chake. Ukaandika pia kwamba mdomo wake Mama hakuweza kuusoma, ulikuwa vipande vipande vya rangi, “sawa mutu iko nyuma ya mvua.” Nilisoma neno hilo nikiwa studio, nikatoka nje nikakaa kwenye jiwe.

Ya pili nikaifanya kwa hasira. Nikaondoa wageni wote, na kwaya, na mzee wa Bigo. Nikabakiza Baba peke yake, picha ya mraba, debi nikaipandisha hadi juu kabisa. Nilitenda kama mtu anayempenda mgonjwa akamjazia sahani nyama yote ya chungu. Mashine yenu ya zamani ikapaliwa. Uliniandikia: inakwenda, inakwama, inaruka, inakwama, na ilikwama kabisa kabla hamjafika mwisho, mkaizima. Lakini palipokwenda, picha ilikuwa safi. Mama alimsoma. Alimaliza kumsoma, akaondoka akaenda jikoni, na wewe ukamfuata, akakuambia yale maneno ambayo nimeyabeba tangu siku hiyo:

“Alinisalimia sawa mugeni. Batu yote iko na maneno yao. Miye peke yangu hapana.”

Uliniandikia kwamba tangu siku ile Mama hajamtaja. Analima, anapika, anakwenda kanisani, lakini ukimwambia habari ya Baba anageuza uso, na mtu asikiaye kwa macho akigeuza uso amekwisha kufunga mlango. Ukaniuliza kama Baba ana neno naye, kama waliachana vibaya siku ya safari. Mimi najua hawakuachana vibaya. Aliyeshika ile bahasha ya dawa hadi kwenye lori ni Mama, na aliyemwambia asilie ni Baba.

Nikajipa moyo. Nikasema, maneno ya Baba kwa Mama yako mle ambamo mashine ilikwama, kule mwisho ambako huwa sifiki kuangalia. Kumbe ni kazi ya debi tu, na debi ni kazi yangu. Nitaipika ya tatu: mraba, debi ya katikati, niichome polepole hata kama bosi atanung'unika, maana CD inayochomwa kwa haraka hiyo mashine yenu haiipendi. Na safari hii sitaituma bila kuionja. Nikatafuta mjini mashine kama yetu. Sokoni wananicheka, wanasema hizo zimekufa. Nikaipata Bigo kwa mama mmoja mjane, aina ile ile, hata ugonjwa ni ule ule, lazima uweke kitu kizito juu ya mfuniko ndipo isome. Yeye anaweka pasi ya makaa.

Nilifika kwake wakati chumba cha pili wanasali. Akaniambia: “Papa, weka lakini isilie. Batu iko mu maombi.” Televisheni yake kitufe cha sauti kimevunjika. Basi nikaenda nyuma ya mashine, nikachomoa waya nyekundu na nyeupe, zile za sauti. Nikaacha ya njano, ya picha. Nikakaa kwenye kigoda, nikamwangalia Baba bila sauti.

Nimemwona Baba maisha yangu yote, yaya, na nimeiona picha ile hadi nimeichoka, lakini sikuwahi kuiona hivyo. CD ilikwenda vizuri, haikukwama popote. Nikafurahi. Nilikuwa nafurahi kweli, naandika hivyo ujue. Akasalimu wazee, akakutaja wewe na shamba lako, akamsalimu Mama kwa yale maneno machache. Akaomba. Halafu, pale ambapo siku zote wimbo wa kufunga unaingia na mimi nageukia kazi nyingine, safari hii hapakuwa na wimbo. Nikaendelea kuangalia. Baba anautazama mlango. Anahakikisha nimetoka. Kisha anarudisha uso kwenye kamera, na uso ule si ule aliowasalimia nao wazee wa kanisa. Ni mwingine. Unaujua. Akafungua kinywa. Na papo hapo maua mekundu yakaingia kutoka pembeni, na maandishi “Mungu Awabariki”, yakamfunika, ikaisha.

Unakumbuka kanisani, sisi wadogo, wanaume benchi za kulia na wanawake za kushoto? Mahubiri yanaendelea, watu wote wameinama, na Mama anacheka peke yake. Wewe ukamfinya. Ni Baba aliyekuwa akimwambia kitu kutoka ng'ambo ile, bila sauti, mdomo tu. Mezani vile vile. Tukiwa tumeketi kati yao wanazungumza juu ya vichwa vyetu, na wewe ulikuwa ukiniambia: hawa wana nyumba yao ndani ya nyumba yetu. Kwa sauti Baba alimpa Mama salamu za hadharani tu. Maneno ya kwao hakuyatoa kwa sauti hata siku moja tangu homa ile. Kwa nini angeanza mbele yangu na kamera?

Nilikimbia kwa miguu kutoka Bigo hadi studio, sikupanda hata pikipiki. Nikamuuliza Furaha kulikuwa na nini baada ya sala. Akashangaa.

“Kule mwisho? Hakukuwa na sauti. Nikakata.”

“Ilikuwa murefu?”

“Murefu, ndiyo. Muzee iko anatikisa mudomo, lakini laini ya sauti iko imelala yote. Nilizania mikro ilikufa. Siye tunakataka vile siku zote, Muhindo, weye mwenyewe unajua. Batu ikiona picha bila sauti inarudisha CD, inasema imeharibika.”

Ni kweli. Ndivyo tunavyofanya siku zote. Kwenye kompyuta sauti inaonekana kama mstari wenye milima, na pale ambapo mstari umelala tunajua hakuna kitu, tunakata. Studio yoyote ya Bunia ingekata. Simlaumu Furaha. Nimejaribu kumlaumu, nimeshindwa, maana alikuwa analia kuliko mimi. Nikamuuliza kadi iko wapi. Kadi ilikwisha futwa, ikapiga harusi Jumamosi ile, na nyingine baada yake. Kwenye kompyuta tulibakiza ile iliyokatwa tu, na maua yake yamegandana nayo, kwa sababu diski imejaa. Kuna kijana karibu na soko anayefufua vilivyofutwa. Nilimpa kadi akakaa nayo. Alichokipata ni kipande cha keki na miguu ya watu wanaocheza.

Maji yamemwagika, na hayazoleki. Mimi niliyesumbuka na debi, na upana, na mwendo wa kuchoma, nilikuwa nasafisha dirisha la nyumba ambayo mwenyewe amekwisha kutolewa.

Nikaenda kwa Baba. Nilingoja mzee wa Iga alale, nikavuta kiti hadi mbele ya jicho lake zima. Sikutoa sauti. Nikatumia mdomo tu, kwa Kinande chetu, polepole: Ulimwambia nini Mama? Alinielewa, yaya. Nakuapia. Jicho lilifunguka, akanitazama kama mtu aliyekutwa. Akajaribu. Mdomo ukaenda upande wake, mate yakashuka, shingo ikatetemeka. Akajaribu tena, ikawa vile vile. Kisha akafunga jicho, chozi likapita pembeni ya jicho hadi sikioni. Nikampangusa. Sijamuuliza tena, na sitamuuliza.

Nakuandikia bila kuficha: sina tumaini. Daktari hana dawa, barabara haina siku, na Baba hatapata mdomo mwingine. Kila jioni mke wangu ananiambia Mungu ana njia zake, nami naitikia amina kwa ajili ya watoto. Sioni namna ambayo wazee hawa wawili watatazamana tena. Nimekaa huku miaka nikiwahifadhia watu harusi zao, na cha kwetu chenye thamani kimepita mikononi mwetu tukakitupa kwa sababu kilikuwa kimya.

CD niliyompa Kakule ni ya tatu kuja kwenu, wala si ile niliyoionja Bigo. Haina wageni, haina salamu, haina shamba. Nimechukua pale tu Baba anapoacha kuutazama mlango na kuirudia kamera, hadi maua yanapomaliza kumfunika. Ni kitambo kidogo sana, ukipiga chafya kimekupita. Nimekirudia mara nyingi ili kijaze CD, kwanza kwa mwendo wake, halafu polepole, halafu tena kwa mwendo wake. Uso wake nimeuvuta karibu hadi umejaa. Picha ni ya mraba, debi ni ya katikati, nimeichoma kwa mwendo wa chini kabisa, na nimeipitisha kwenye mashine ya yule mjane mara tatu, haikukwama. Maua siwezi kuyaondoa. Yanapoingia, kinywa bado kinaendelea nyuma yake, na ukiangalia sana kuna upenyo kati ya ua na ua ambapo mdomo wa chini unaonekana. Mimi nimeangalia hadi macho yameuma. Sijui anasema nini. Nadhani anaanza kwa kufumba midomo, kisha anaifungua. Ni hayo tu ninayoyajua, na maneno yaanzayo hivyo ni mengi.

Mama ukimweleza kwa mdomo wako kwamba alisemeshwa naye, hatakuamini. Atadhani tumekaa wawili tukatunga la kumtuliza, na atakuwa na haki. Kwa hiyo usimweleze kitu kwanza. Mwonyeshe. Akisoma, akasoma. Asiposoma, basi angalau ataujua uso ule, maana hakuna mwingine aliyewahi kutazamwa nao. Akikuambia neno, liwe lao. Usiniandikie.

Nisalimie shangazi yetu mwenye kuuza chumvi, mwambie kitenge alichoniagiza bado nakitafuta. Msalimie mchungaji, aendelee kutuombea hata kama sisi tumechoka. Wasalimie wanao wote, hasa yule fundi wa paa, asipande juu wakati wa mvua. Msalimie jirani mwenye mbuzi, umwombe radhi kwa ajili ya fimbo yako. Mke wangu anakusalimu, watoto wanakusalimu shangazi yao ambaye wanamjua kwa picha. Baba hawezi kusema anakusalimu, lakini nilipomwambia naandika barua, aliukaza mkono wangu kwa ule wake mzima.

Sasa ukae na jambo moja tu. Siku yenye jua, betri ya paneli ikiwa imejaa, weka jiwe juu ya mfuniko, mketishe Mama karibu. Kisha nenda nyuma ya mashine, chomoa waya nyekundu, chomoa nyeupe, acha ya njano peke yake. Watoto watoke nje, na wewe utoke nao. Mkae kimya wote, Mama asikie.

Mdogo wako,
Muhindo